Kiboksi cha kutafutia kinachoingiza hela kwenye saiti yako: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ambayo wenye saiti wananiuliza tena na tena kuhusu kile kiboksi cha kutafutia chenye matangazo. Mi mwenyewe ninacho kwenye saiti yangu ya mafunzo ya kushona na nimewafungia watu kadhaa kwenye saiti zao, kwa hiyo najibu kwa jinsi nilivyoiona kazi yenyewe. Sehemu kubwa ni ya Google maana ndo wengi wanatumia, ila kuna swali la njia zingine huko chini.

Hiki kiboksi kinaingizaje hela?

Mgeni anaandika anachotaka, anabonyeza, analetewa majibu kutoka kwenye kurasa zako, na pamoja na hayo majibu yanatokea matangazo machache yanayoendana na alichoandika. Akibonyeza tangazo, mwenye tangazo analipa, Google inakata yake na wewe unapata yako. Tofauti na yale matangazo ya kawaida yanayokaa katikati ya makala ni kwamba huku mtu kasema mwenyewe, kwa vidole vyake, anatafuta nini, na mtangazaji yuko tayari kulipia hiyo kauli kuliko kulipia mtu anayepita tu.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1998 mashine ya kutafutia ya GoTo.com ilianza kuuza nafasi za kwenye majibu kwa mnada, kila neno na bei yake, Google ikaja na AdWords (pale watangazaji wanaponunulia matangazo) Oktoba 2000, halafu AdSense, ya kuwalipa wenye saiti wanaoonyesha hayo matangazo, ikafuata 2003. Na ukitaka kujua kiboksi cha kutafutia kina thamani gani kikiwa mbele ya watu wengi, angalia ile kesi ya serikali ya Marekani dhidi ya Google, humo ndo ilikuja kujulikana kwamba mwaka 2022 Google iliilipa Apple dola bilioni 20 ili iwe ndo mashine ya kutafutia ya Safari, ile brauza ya Apple, bila mtu kuchagua. Kinacholipwa hapo ni watu wanaoandika, kiboksi chenyewe ni mlango tu, na hilo ndo la kushika unaposoma majibu yote yanayofuata.

Nitapata kiasi gani? Niambie ukweli.

Kidogo, mwanzoni. Nisingependa mtu afunge hiki kitu akidhani kinachukua nafasi ya matangazo ya kawaida.

Mgawo wenyewe uko wazi: Mei 2010 Google ilitangaza kwamba kwenye matangazo ya utafutaji mwenye saiti anapata asilimia 51 (ile ya matangazo ya kwenye makala ilikuwa asilimia 68, na Novemba 2023 walitangaza kubadilisha jinsi inavyohesabiwa, hiyo ni habari nyingine). Sasa tupige hesabu, hizi ni namba za mfano tu. Saiti inatembelewa mara 30,000 kwa mwezi. Katika kila ziara mia, mbili zinatumia kiboksi, hapo una utafutaji 600. Katika kila utafutaji mia, kumi unaishia mtu kabonyeza tangazo, hapo una mibonyezo 60. Kila mbonyezo mtangazaji kalipa senti 10 za dola, jumla dola 6, asilimia 51 yake ni dola 3 na senti 6. Kwa kuwa malipo hayatoki mpaka ufikishe dola 100, ukitegemea kiboksi peke yake utasubiri karibu miezi 33.

Sasa badilisha namba moja tu uone. Wanaotumia kiboksi wakitoka wawili kwa mia wakafika wanane, mapato yanazidishwa mara nne bila kuongeza mgeni hata mmoja. Ndo maana mi sihangaiki sana na rangi ya matangazo wala nini, nahangaika na kwa nini watu hawatafuti, na wakitafuta kwa nini hawapati.

Saiti yangu ina kurasa kumi na tano, niweke?

Usiweke kwanza. Mtu akiandika neno halafu majibu yakatoka sifuri au mawili, ukurasa unabaki matangazo matupu, na mgeni anajua kabisa kwamba hapa nimeletwa kuuziwa. Tengeneza menyu nzuri, andika, kurasa zikiwa nyingi kiasi kwamba hata wewe mwenyewe unasahau uliandika wapi, hapo weka.

Kabla ya kuanza nahitaji nini?

Akaunti ya AdSense iliyokubaliwa, na mwenye akaunti awe na miaka 18 au zaidi. Saiti iwe yako na uwe na uwezo wa kugusa HTML yake (ule msimbo unaotengeneza kurasa). Weka faili la ads.txt (linalotaja nani anaruhusiwa kuuza matangazo kwenye saiti yako) kwenye mzizi wa domeni yako, ndani lina mstari mmoja wa aina hii: google.com, pub-namba zako, DIRECT, f08c47fec0942fa0. Hizo herufi za mwisho ni za Google na ni zilezile kwa kila mtu, usizibadilishe, wewe unaweka namba yako ya pub tu.

Na kurasa zako ziwe zimeshaingia kwenye kumbukumbu za Google. Hili watu wanaliruka halafu wanakuja kulalamika, nimelijibu kivyake huko chini.

Skripti (kile kipande cha msimbo kinacholeta kiboksi) inatoka wapi na naibandika wapi?

Unatengeneza mashine yako ya kutafutia kwenye Programmable Search Engine (zamani ilikuwa inaitwa Custom Search, iko tangu 2006), unaiambia itafute kwenye domeni yako, inakupa kitambulisho kinachoitwa cx. Au unaanzia ndani ya AdSense kwenyewe, pale unapotengeneza tangazo jipya unachagua aina ya mashine ya kutafuta. Vyovyote utakavyoanza, hakikisha umeiunganisha na akaunti yako ya AdSense, na hapa naomba usome mara mbili: ile mashine ya bure inaonyesha matangazo hata kama hujaunganisha. Yaani ukisahau, matangazo yanatoka kama kawaida, wageni wanabonyeza kama kawaida, na wewe hupati kitu. Nimekuta saiti moja imekaa hivo zaidi ya mwaka, mwenye saiti anaona matangazo yapo anajua mambo yanaenda, kumbe swichi ya mapato haijawahi kuwashwa.

Kubandika sasa. Kuna miundo kadhaa, ila mi napenda ule wa kurasa mbili: kiboksi kinakaa kila ukurasa, majibu yanafunguka kwenye ukurasa wake maalumu. Juu ya kila ukurasa unaweka skripti yao yenye cx yako, halafu mahali unapotaka kiboksi unaweka (penye example.com andika domeni yako):

<div class="gcse-searchbox-only" data-resultsUrl="https://example.com/tafuta/"></div>

Na kwenye ule ukurasa wa tafuta, mbali na skripti, unaweka hii:

<div class="gcse-searchresults-only"></div>

Basi. Neno la mgeni linasafiri kwenye anwani ya ukurasa likiwa na herufi q mbele yake. Kama uko WordPress usije ukaibadilisha hiyo q ukaweka s, maana s ndo WordPress inatumia kwa utafutaji wake yenyewe, utashangaa unaletewa ukurasa mwingine kabisa usiokuwa na matangazo wala majibu ya Google.

Kwa nini kurasa mbili? Kwa sababu ule muundo wa majibu kufunguka juu ya ukurasa kama pazia, kwenye simu ndogo unachosha, mtu akirudi nyuma anatolewa kabisa kwenye makala. Ukurasa wa majibu ukiwa na anwani yake, mgeni anaenda na kurudi bila shida na wewe unaweza kuupima.

Nimebandika kila kitu na hakuna kinachoonekana. Nimekosea wapi?

Mara nyingi hujakosea. Lililonitokea mimi: nilibandika usiku, kwenye komputa yangu kiboksi kikaonekana, asubuhi nafungua kwenye simu hakipo. Nikafuta nikabandika upya, kwenye komputa kipo, kwenye simu hakipo. Siku mbili nahangaika na themu, nimebadilisha rangi, nimebadilisha upana, kumbe ni ile plagini ya kuharakisha saiti. Ilikuwa imeweka sheria kwamba skripti zote za nje zisubiri mpaka mgeni aguse kioo, na mimi kwenye komputa nilikuwa nimeingia kama msimamizi kwa hiyo sheria haikunihusu. Niliiweka skripti ya cse.google.com kwenye orodha ya zisizoguswa, nikafuta kashe (zile nakala za kurasa zinazohifadhiwa kwa muda), kikatokea papo hapo.

Kwa hiyo angalia kwanza plagini ya kasi na kashe. Ukimaliza angalia kama wewe mwenyewe una kizuia matangazo kwenye brauza, maana baadhi yao wanakula na kiboksi chenyewe. Halafu angalia kama cx umeibandika yote, watu wengi wanakatiza herufi ya mwisho wakiwa wanakopi kwa simu. Na daima jaribu kwa dirisha la faragha, ukiwa hujaingia kwenye saiti yako kama mwenyewe, ndo uone anachokiona mgeni.

Kiboksi kinafanya kazi ila makala zangu mpya hazitokei kwenye majibu.

Kwa sababu hakitafuti ndani ya saiti yako moja kwa moja, kinatafuta kwenye kumbukumbu za Google za saiti yako. Makala uliyoiweka leo kama Google haijaipitia, kwa kiboksi haipo. Peleka ramani ya saiti (orodha ya kurasa zako) kwenye Search Console, ile sehemu ya Google ya wenye saiti, unganisha makala mpya na za zamani kwa linki, na hakikisha hujaifungia kwenye robots.txt, lile faili linaloiambia Google isipite wapi.

Kinyume chake pia kinatokea, majibu yanajaa takataka: kurasa za lebo, kurasa za tarehe, toleo la kuchapisha. Kwenye mipangilio kuna sehemu ya kuondoa, unaandika kwa mfano example.com/tag/* na zote zinaondoka. Fanya hivi siku ya kwanza. Mgeni akiandika neno akaletewa mistari mitano yenye kichwa kimoja, harudi kutafuta tena.

Majibu yanatoka lakini matangazo hayatoki.

Kwa neno hilo hakuna aliyetaka kulipia, ndo sababu kubwa. Kwangu mtu akiandika cherehani matangazo yanakuja, akiandika jinsi ya kuficha pindo hayaji hata moja. Sababu zingine ni akaunti mpya ambayo bado inakaguliwa, saiti ambayo haijakubaliwa ndani ya AdSense, au maudhui wasiyoyaruhusu. Jaribu maneno kumi tofauti kabla hujaanza kugusa mipangilio.

Naweza kubonyeza tangazo moja tu kuona kama linafanya kazi?

Hapana. Hata moja. Wala usimtume ndugu yako, wala usiandike karibu na kiboksi "tusaidie kwa kubonyeza". Wanaona, na wakiona wanakata mapato au wanafunga akaunti, na akaunti ikifungwa kwa sababu hiyo kuirudisha ni ngumu sana. Kutafuta unaruhusiwa kujaribu mara chache kwa mikono yako uone majibu yanatoka, ila tangazo liangalie kwa macho. Ukitaka kujua linaenda wapi, anwani imeandikwa pale pale kwenye tangazo, iandike mwenyewe kwenye brauza.

Mtu mmoja nayemfahamu vizuri alitengeneza programu ndogo ya kujaribu kiboksi, inatuma maneno yenyewe kila dakika ili apime kasi ya seva. Nia yake ilikuwa safi kabisa. Ila utafutaji wa mashine umekatazwa, haijalishi nia, na mwezi ule alikatwa karibu kila kitu. Naumia nikikumbuka kwa sababu ni mtu makini, hakusoma ukurasa mmoja tu wa sera.

Naweza kujaza neno tayari ndani ya kiboksi, au kuweka linki za maneno yanayotafutwa sana?

Maandishi ya kijivu ya kumwongoza mtu, kama "andika unachotafuta", hayo sawa, yanapotea akianza kuandika. Lakini kuweka neno kamili ndani ili yeye abonyeze tu, au kutengeneza linki inayompeleka moja kwa moja kwenye ukurasa wa majibu wa neno fulani, hapana. Sera inataka neno litoke kwa mgeni mwenyewe, aliandike ndani ya kiboksi, na usilibadilishe njiani. Hata kumwongezea neno la bei ili matangazo yawe ya gharama, hapana. Kiboksi hicho pia hakiruhusiwi kuingizwa kwenye programu nyingine au upau wa vifaa wa brauza, kibaki kwenye saiti.

Kiboksi nikiweke sehemu gani?

Juu. Kwenye simu kiwe kinaonekana bila kufungua menyu, kama nafasi hakuna basi angalau alama ya lenzi iwe juu na ikiguswa kiboksi kifunguke kikubwa na kibodi itokee hapo hapo. Mi kwa miezi mingi nilikuwa nimekiweka chini kabisa, chini ya makala, chini ya haki zote zimehifadhiwa, nikawa nasema watu wa saiti yangu hawapendi kutafuta. Nilipokipandisha juu ndo nikajua walikuwa hawakioni.

Upana nao una kazi yake. Kiboksi kifupi kinamfanya mtu aandike neno moja, kirefu kinamfanya aandike sentensi, na sentensi ndo inayoleta majibu mazuri na matangazo yanayoendana. "Sindano" haina maana yoyote, inaweza kuwa ya hospitali. "Sindano ya kushonea jinzi" tunaelewana.

Kuna sehemu nyingine mbili ambazo wengi hawazifikirii. Moja ni ukurasa wa kosa la 404, pale linki imekufa mgeni kabaki na maneno ya pole, weka kiboksi hapo, yule mtu tayari alikuwa anatafuta kitu. Ya pili ni mwisho wa makala ndefu, baada ya sentensi ya mwisho kabisa, kabla ya maoni. Aliyefika hapo kasoma yote, kama bado ana swali mpe mahali pa kuliandika. Ila usijaze kila kona, kimoja juu na kimoja mwisho vinatosha.

Naskia faida kubwa ni kujua watu wanaandika nini. Nayaonaje hayo maneno?

Hapa nitakaa kidogo maana ndo sababu inayonifanya niendelee kuwaambia watu wafunge hiki kitu hata kama hela ni ndogo.

Google Analytics ya sasa (kifaa cha kupima wageni wa saiti) ina tukio linaloitwa view_search_results. Linakamata neno lenyewe kama anwani ya ukurasa wa majibu ina q, s, search, query au keyword, kwa hiyo ukiacha ile q kama ilivyo huhitaji kuongeza kitu, unawasha tu upimaji ulioboreshwa (Enhanced measurement). Mashine ya kutafutia nayo ina takwimu zake, inakuonyesha maneno yanayoongoza.

Sasa nikueleze nilichokiona. Nina makala niliyoihangaikia wiki nzima, kichwa chake kilikuwa "Kurekebisha mkazo wa uzi kwenye cherehani". Picha zipo, kila hatua ipo, haisomwi. Siku nilipofungua orodha ya maneno kwa mara ya kwanza, nikakuta hivi, moja chini ya lingine: uzi unakatika. uzi unakatika sana. mbona uzi unakatika. cherehani inakata uzi wa juu. uzi unakatika chini. Hakuna hata mtu mmoja aliyeandika mkazo. Hilo neno ni la fundi aliyekwisha jua tatizo ni nini, na mtu anayejua tatizo ni nini hana haja ya makala yangu, anazungusha kitasa anaendelea na kazi. Aliyekwama anaandika anachokiona mbele yake, na mbele yake kuna uzi umekatika.

Nikabadilisha kichwa kikawa "Uzi unakatika? Anzia hapa", nikayaweka yale maneno yao ndani ya aya ya kwanza kama walivyoyaandika. Ile makala ndo inayosomwa kuliko zote sasa hivi. Hela ya kiboksi mwezi ule haikununua chochote cha maana, lakini ile orodha niliichapisha nikaibandika ukutani, na kila nikiandika makala mpya nainua macho kwanza.

Ikusaidie hivi: kila wiki chukua maneno ishirini ya juu, yatafute mwenyewe kwenye kiboksi chako, uangalie jibu la kwanza linalotoka. Kama jibu sahihi lipo lakini liko la sita, mashine ina sehemu ya kupandisha ukurasa fulani juu kwa neno fulani. Kama watu wanaandika neno kwa tahajia tatu, kuna sehemu ya maneno yanayofanana, unaiambia komputa na kompyuta ni kitu kimoja. Na kama jibu halipo kabisa, umeshapewa kichwa cha makala yako inayofuata, na aliyekupa ni msomaji.

Jambo moja la heshima. Watu wengine wanaandika ndani ya kiboksi vitu ambavyo hawakutaka vionekane, jina lao, namba ya simu, ugonjwa. Ukiona usisambaze, na usiweke hadharani orodha ghafi ya maneno ya wageni wako.

Matangazo hayo si yatapeleka wageni wangu kwa washindani?

Wengine ndiyo. Kama wewe unauza bidhaa kwenye saiti yako, sikushauri kabisa kuweka kiboksi chenye matangazo, mteja wa kununua cherehani kwako ana thamani kuliko senti tano za mbonyezo uliompeleka kwa jirani. Tumia utafutaji wa kawaida wa duka lako. Kiboksi cha matangazo ni cha saiti za kusoma, za mafunzo, habari, maelekezo, ambako mgeni akipata jibu hakuachii kitu. Na AdSense inakuruhusu kuzuia anwani za watangazaji usiowataka, itumie hiyo.

Vipi kuhusu faragha na ile ridhaa ya Ulaya?

Kama una wageni kutoka nchi za Ulaya, lazima uwaulize kabla. Tangu 16 Januari 2024 Google inadai anayeonyesha matangazo ya AdSense kwa watu wa eneo la kiuchumi la Ulaya na Uingereza atumie kifaa cha ridhaa walichokiidhinisha, Uswisi ikaongezwa Julai mwaka huohuo. AdSense ina cha kwake cha bure, unakiwasha ndani ya akaunti. Na uwe na ukurasa wa faragha unaosema waziwazi kwamba neno analoandika mgeni linapelekwa Google, siyo kuficha ndani ya aya ndefu.

Ukurasa wa majibu uonekane kwenye Google?

Hapana, uwekee noindex, ile alama inayoiambia Google isiuonyeshe kwenye majibu yake. Google wenyewe hawapendi kurasa za majibu ya ndani kuonekana kwenye majibu yao, na zikiachwa huru zinazaana, kila neno na anwani yake.

Kuna njia nyingine mbali na Google?

Zipo, ila siyo nyingi kama zamani. Microsoft ilikuwa na huduma ya kununua majibu ya Bing ukayatumia kwenye saiti yako, ikazimwa 11 Agosti 2025, kwa hiyo ukikutana na maelekezo ya zamani yanayoitaja usipoteze muda.

Njia inayofanya kazi kwa saiti za mada moja ni viboksi vya kamisheni. Saiti ya safari kwa mfano inaweza kuweka kiboksi cha kutafutia hoteli kutoka Booking.com kupitia mpango wao wa washirika, mtu anaandika mji na tarehe, anapelekwa kwao, akilipia na kukaa kweli wewe unapata sehemu. Hapa hulipwi kwa mbonyezo, unalipwa kwa mauzo, kwa hiyo zinakuja chache lakini moja inaweza kuzidi mibonyezo mingi. Kosa ninaloliona ni kuweka hicho kiboksi mahali pa utafutaji wa saiti, mgeni anaandika jina la makala anaulizwa tarehe ya kuingia hotelini. Vitenganishe na kila kimoja kiandikwe wazi ni cha nini.

Sisi ni shule, au shirika lisilo la faida. Lazima matangazo yawepo?

Kuna utaratibu wa kuyaondoa kwa mashirika yanayokidhi masharti. Na kwa saiti ya watoto wa shule naomba myaondoe tu.

Hela inafika lini na kwa njia gani?

Inaingia kwenye akaunti ileile ya AdSense pamoja na ya matangazo ya makala. Ukifikisha dola 10 wanakutumia barua yenye PIN kwa posta ili wathibitishe anwani yako, una miezi minne ya kuiingiza la sivyo matangazo yanasimamishwa, kwa hiyo andika anwani ambayo barua zinafika kweli, siyo ile ya zamani. Jaza na fomu ya kodi mapema, kwa walio nje ya Marekani mara nyingi ni W-8BEN. Ukifikisha dola 100 malipo yanatoka kati ya tarehe 21 na 26 ya mwezi unaofuata. Ile namba unayoiona kila siku ni makadirio, mwisho wa mwezi inaweza kupungua wakiondoa mibonyezo isiyo halali, usiipangie matumizi kabla haijafungwa.

Nikiweka halafu nisipende, naweza kukitoa?

Dakika tano. Unafuta vile vipande viwili vya HTML na ile skripti, unarudisha utafutaji wa kawaida wa saiti, mapato yaliyokwisha kuingia yanabaki yako. Kabla ya kufuta pakua ile orodha ya maneno ya wageni, yote, tangu siku ya kwanza.